Kichwa cha Mwanangu na Wembe wa Ukoo

Mjukuu wangu mmoja, aliyesoma mpaka akachoka, alinijia juzi na mtoto wake kichwa kimejaa mapunye. Akaniuliza: "Bibi, ninyi zamani mlikuwa mnapaka nini? Mimi sitaki madawa ya dukani. Nataka vitu vya asili."

Nikamtazama. Anataka asili! Kana kwamba sisi tulikaa kivulini tukachagua, hiki cha asili, hiki cha dukani. Sisi tulipaka kilichokuwepo, na kila aliyekuwa na kitu cha kupaka alijifanya mganga. Nikamwambia mpeleke mtoto hospitali. Akanuna, akadhani namficha dawa. Basi naandika, asije akasema nilikufa na siri. Siri hakuna. Kuna kichwa cha mwanangu wa kwanza, na kuna watu waliokichezea.

Mimi si mtu wa shule. Nilikaa kwa masista kidogo, nikajua kusoma na kuandika, nikaolewa. Ilikuwa wakati wa Mwingereza. Mume wangu alifanya kazi stesheni ya Tabora, nasi tulipanga chumba Gongoni. Kwao ni Ipuli, ambako siku hizo kulikuwa na mashamba ya mihogo na mtama, unakwenda kwa miguu asubuhi na kurudi jioni.

Mwanangu, msichana, alikuwa ameanza kukimbia vizuri alipofariki baba mkwe. Katika ukoo wa mume wangu, msiba haukuisha mpaka watu wote wa damu wanyolewe vichwa. Na hawakunyolewa na mtu yeyote tu. Alinyoa binti mkubwa wa marehemu, yaani wifi yangu, na alinyoa kwa wembe mmoja, wa chuma cha mhunzi, uliotoka kwa babu yao. Bakuli moja la maji, wembe mmoja, ukoo mmoja. Walianza wazee, wakafuata watu wazima, wakaja watoto, mkubwa mbele ya mdogo. Kila akimaliza kichwa, wifi aliufuta wembe pajani, kwenye kitenge chake, akamwita mwingine. Maji ya bakuli yalikuwa mazito kama uji. Mwanangu alikuwa karibu na mwisho.

Haukupita muda kichwa kikaanza. Kwanza baka dogo la mviringo juu ya sikio, jeupe, linatoa unga kama wa muhogo. Nywele zilizoota hapo zikakatika. Kisha mabaka mawili, kisha sikuhesabu tena. Mtoto akawa anajikuna mpaka anatoka damu, na mahali pa damu pakaanza usaha. Hakuwa analala. Usingizi ukimchukua, mkono unaendelea kukuna peke yake.

Sasa njooni muone wajuzi.

Wa kwanza alikuwa mama mwenye nyumba, mjane wa mjini, mtu wa tambuu na udi. Kwao walikuja na misafara ya zamani kutoka upande wa Ujiji, na yeye alijihesabu mwungwana, sisi wengine tumetoka porini jana. Alimshika mtoto kidevu, akamgeuza huku na huku kama anayenunua kuku.

"Huyu mtoto unamwogesha?"

"Namwogesha, mama."

"Kwa sabuni?"

"Kwa sabuni."

"Basi unamwogesha vibaya. Ninyi Wanyamwezi mnaogesha mgongo, kichwa mnakisahau."

Akanipa mrututu. Mrututu ni lile jiwe la buluu lililouzwa madukani kwa Waarabu, linasagwa, linatiwa kwenye kidonda. Nilipaka. Mtoto alilia mpaka sauti ikakatika. Kichwa kikawa cha buluu na kijani, kama sufuria ya shaba iliyosahauliwa mvuani. Watoto wa uani wakamwita kasuku. Yule mama akaja kutazama, akasema, "Umeona? Inafanya kazi, imeuma." Kwa akili yake dawa ni kitu kinachouma. Kama ni hivyo, nyuki angekuwa daktari mkuu.

Fundi baiskeli wa barabarani kwetu akasema mafuta ya taa. Mke wa mwalimu wa kanisa akasema limau na chumvi. Yeye kwanza alihamisha watoto wake benchi, Jumapili, mbele ya watu wote, kisha baada ya ibada akanifuata nje na huruma usoni na limau mkononi. Mwingine akasema mavi ya ng'ombe yangali moto. Mwingine akasema utomvu wa mnyaa, ule ambao ukikuingia jichoni unapofuka. Nikamuuliza, "Wewe mwanao ulimpaka?" Akasema, "Wangu hawajapata kuugua hivyo." Nikamwambia, "Basi ngoja waugue ndipo uje."

Nilianza kuonekana mkali. Na iwe. Ukiwa na mtoto mgonjwa wa tumbo, watu wanakuonea huruma. Ukiwa na mtoto mgonjwa wa kichwa wanakuona mchafu, na kila mchafu zaidi yako anakufundisha usafi.

Mama mkwe peke yake hakunisema. Alimpaka mjukuu wake samli na majivu yaliyochekechwa, akimwimbia. Haikuponya kitu. Lakini haikumchoma, na mtoto alilala siku hiyo. Kwa hiyo dawa ya asili niliyoiona mimi ikifaa ni ile iliyokuwa haifanyi chochote. Mjukuu wangu na aandike hilo.

Kisha akaja shemeji kutoka Urambo. Huyu ni mdogo wa mume wangu, alikuwa kibarua kwenye mashamba ya tumbaku ya Wazungu. Mtu mwenye maneno mengi. Alikuwa ameona Mzungu wake akiwaosha mbwa kupe kwa maji ya tumbaku, na kupe wakafa, na mbwa wakapona. Akaja na majani kwenye kifurushi kama ameleta dhahabu.

"Shemeji, hii inaua kila mdudu. Mimi nimeona kwa macho yangu."

"Umeona juu ya mbwa."

"Mdudu ni mdudu, shemeji. Hajui yuko juu ya mbwa au mtu."

Mume wangu akacheka. Alimwamini mdogo wake kwa sababu alivaa viatu vya ngozi. Nikasema sitaki. Wakanisubiri nikaenda kisimani. Wakachemsha majani yakawa maji meusi, wakamwosha mtoto kichwa kile chenye vidonda wazi, wakamfunga kitambaa juu yake ili dawa iingie.

Niliporudi nilimkuta amekaa ukutani, rangi imemtoka, mate yanamchuruzika. Akatapika. Akatapika tena hakuna kitu. Jasho baridi, miguu imelegea kama ya kitoto cha mbuzi kilichozaliwa sasa hivi. Nilimwita, macho yake yakanipita. Nilitua mtungi vipi sijui. Nilimvua kile kitambaa, nikammwagia maji yote niliyoleta, nikamsugua kwa sabuni mpaka mikono yangu ikaacha kunuka tumbaku, kisha nikamfunga mgongoni nikakimbia naye zahanati. Shemeji alinifuata mpaka mlangoni akisema, "Ndiyo dawa inatoka na ugonjwa hiyo, shemeji! Usiikatize!" Hata sasa nikikumbuka sauti ile natamani ningekuwa na mwiko mkononi.

Zahanati alikuwepo dresa, yule mtibabu wa kusafisha na kufunga vidonda, mtu wa kaptula nyeupe na dharau nyeusi. Alituweka benchi, akatufokea akina mama wote kwa pamoja kabla hajajua tumeleta nini. Nilipomwambia tumbaku alinipigia kelele mpaka wagonjwa wakageuka. "Kichwa cha mtoto ni shamba lenu?" Sikumjibu kwamba si mimi. Ningeeleza nini, kwamba nina mume? Alimlaza mtoto pale, akamnywesha maji kidogo kidogo, akamtazamatazama. Jioni macho yakarudi. Akaniita mama, akaomba uji.

Dresa akanipa marhamu ya manjano yenye harufu mbaya. Akasema: nyoa kichwa chote, osha, paka, chemsha kila kitambaa anacholalia, usiache mpaka nywele ziote. Alisema kwa maneno ya kunitukana lakini alisema sawasawa, na mimi matusi hayanizuii kusikia. Nikanunua wembe mpya dukani, ukawa wa mwanangu peke yake. Nilimnyoa, nikapaka, nikachemsha. Marhamu ikiisha narudi kufokewa na kupewa nyingine. Msimu wa kupalilia ukapita, ukaja wa kuvuna, bado napaka. Wale wajuzi wote walikuwa wakitaka kuona mabadiliko kesho yake. Hakuna hata mmoja aliyeniambia itachukua muda, kwa sababu mjuzi wa namna ile haishi na mgonjwa, anapita tu.

Ilikuwa katika miezi hiyo nikaja kuelewa jambo. Tulikwenda Ipuli kumsalimu mama mkwe, akiwa ameanza kuugua. Watoto wa ukoo wamekaa juani wanapukuchua mahindi, vichwa wazi. Mimi kwa kuwa nilikuwa nimeishi na mapunye nikaangalia vichwa kwanza, nyuso baadaye. Kuna mvulana mmoja wa shangazi yao, huyo nilimkumbuka alikuwa na mabaka tangu kabla ya msiba. Watoto walionyolewa mbele yake siku ile, vichwa safi. Walionyolewa baada yake, mdogo na mdogo wake na mdogo wake, wote mabaka, mpaka wa kwangu. Mstari ule ule. Ungeweza kuwapanga kwa kufuata mapunye, wangekaa kama walivyokaa siku ya kunyolewa.

Nikamwambia wifi, kwa adabu, nimepiga magoti: "Wifi, nadhani ugonjwa huu unatembea na wembe."

Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, mwenye kucheka polepole.

"Wembe wa baba?"

"Wembe wowote, wifi. Ukimnyoa mgonjwa kisha mzima."

"Wembe huu ulimnyoa babu yetu. Ukamnyoa baba. Umenyoa watu mpaka wamezeeka, hakuna aliyeugua. Umekuja wewe, umeleta mtoto anaugua, wembe ndio umekosa?" Akawageukia wengine. "Mmesikia? Chuma cha wazee wetu kina uchafu. Mke wetu wa mjini amekichunguza."

Wakacheka. Mume wangu naye akacheka, akitazama chini. Huyo mume wangu alikuwa mtu mwema, lakini mbele ya dada yake alikuwa hana mfupa.

Mwanangu alipona. Nasema kwa herufi ndogo, kwa sababu ilikuja kidogo kidogo. Baka la mwisho lilikuwa kisogoni, likawa ngozi ya kawaida, kisha siku moja juani nikaona vinywele vimetoka, vyeusi, vifupi. Nilipitisha kidole nisiamini. Aliweza kulala bila mkono wake kutembea.

Na hapo hapo mama mkwe akafariki.

Nilimlia kweli, yule alistahili. Lakini tangu siku ya maziko nilikuwa na jambo moja tu kichwani: siku ya kunyoa. Wale watoto wa Ipuli walikuwa bado na mabaka, nilikuwa nimewaona makaburini. Mwanangu angekaa nyuma yao.

Nikaanza na mume wangu.

"Mwambie dada yako auchemshe wembe. Au amnyoe wa kwetu kwanza."

"Kwanza? Mbele ya wajomba? Mtoto?"

"Basi auchemshe."

"Wembe unachemshwa kama muhogo?" Akakuna shingo. "Ni mara moja tu. Akiugua tena, ile marhamu ipo."

"Wewe ndiye utakayepaka? Utakayesikia analia? Tumbaku mlimwosha ninyi, dresa akanitukana mimi."

Ndipo akasema kile alichokuwa anakiogopa: asiyenyolewa kwa wembe wa ukoo hahesabiwi. Mama mkwe alikuwa na ushanga mweupe wa zamani, wa kutoka kwa mama yake, na kabla ya kufa alisema kila mjukuu wa kike apewe uzi mmoja. Mgawaji alikuwa wifi, na angeugawa papo hapo, akimaliza kunyoa. Mwanangu alikuwa akiujua ushanga ule. Alikuwa akiuchezea shingoni mwa bibi yake huku anapakwa samli.

Nilikwenda mwenyewe kwa wifi. Nikamsihi. Nikaja na wembe mpya, haujafunguliwa karatasi, nikasema nyoa wewe mwenyewe kwa mkono wako, ila kwa huu.

"Huo wa Mhindi?" akasema. "Nimlilie mama yangu kwa wembe wa Mhindi?"

"Mkono ni wako, wifi."

"Mkono ni wangu, chuma si chetu. Mayu, mama wa watu, wewe hujui kitu. Ukiugawa wembe umeugawa ukoo."

Sasa mtu wa hivyo unamwambia nini? Kitenge cha pajani ni chake cha kununua kwa Mhindi huyo huyo. Sufuria ni ya Mhindi. Sabuni aliyonawa. Ila mapunye ndiyo ya ukoo, hayo lazima tugawane.

Asubuhi ya kunyoa, kabla hatujatoka Gongoni, nilimkalisha mwanangu nikamnyoa kichwa chote kwa wembe wake. Hata unywele mmoja sikuubakiza. Nikajua watasema. Lakini nilidhani, kwa ujinga wa mtu mwenye akili, kwamba kichwa kisicho na nywele hakiwezi kunyolewa.

Tukafika. Wazee wakanyolewa. Mume wangu akanyolewa. Watoto wakaanza, wenye mabaka na wasio na mabaka, wembe ukifutwa pajani, maji yakizidi kuwa mazito. Akaitwa mwanangu. Akaenda, akakaa kwenye kigoda, mikono magotini. Nami nikaenda nikasimama nyuma yake.

"Nani amemnyoa huyu?"

"Mimi."

"Kwa msiba wa nani? Wewe umefiwa na mama?"

"Nimefiwa na mama mkwe. Kichwa cheupe hicho, wifi. Kimenyolewa."

"Kimenyolewa nywele," akasema. "Msiba bado uko juu yake." Akachovya wembe kwenye lile bakuli. Alikuwa anataka kukwangua ngozi tupu ya mtoto, iliyotoka kupona, kwa chuma kilichopita juu ya usaha wa wenzake. Na watu wazima wote wale, wenye ndevu zao, wazee wa kanisa wakiwemo, wanatazama kama kwamba ni jambo la maana.

Niliweka viganja vyangu vyote viwili juu ya kichwa cha mwanangu. Vikakifunika chote, kilikuwa kidogo.

"Pitisha," nikamwambia.

"Ondoa mikono."

"Pitisha juu ya mikono. Msiba ukiwa unatoka, utatoka."

Mjomba mmoja akakohoa. Mume wangu akaniita, mara moja, kwa sauti ndogo. Sikugeuka. Wifi alikuwa ananitazama, nami namtazama, na mtoto chini yetu hatikisiki, nasikia joto la utosi wake kwenye viganja.

Akapitisha. Sikudhani atapitisha. Aliunyoa mgongo wa mkono wangu wa kulia, kisha wa kushoto, polepole, kama anavyonyoa kichwa, akifuata vifundo vya vidole. Mahali pawili akanikata. Sijui kama ni kwa kusudi. Alipomaliza akaufuta wembe pajani, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia: "Nimenyoa mikono ya mke wa kaka yangu. Mjukuu wa mama simwoni hapa." Akaita mtoto mwingine.

Ushanga ukagawiwa. Wasichana wote walipata, hata mtoto mchanga wa mgongoni. Mwanangu alisimama mstarini, akanyoosha mkono, wifi akampita akaweka uzi kwenye mkono unaofuata. Mtoto akabaki ameunyoosha. Aliniangalia mimi, si shangazi yake. Nikaenda nikaushusha ule mkono nikamfunga mgongoni tukaondoka. Mume wangu alikuja nyuma yetu, mbali, kama mtu anayeelekea mahali pengine.

Njiani aliniuliza kwa nini hakupewa.

"Kwa sababu sikutaka uumwe tena kichwa."

"Ushanga unaumiza kichwa?"

"Hapana. Walionao ndio wanaoumiza."

Alilia mpaka tulipovuka reli. Nilimwacha alie. Nilipofika nyumbani nilinawa mikono yangu kwa maji ya moto na sabuni kabla sijamgusa, nikaipaka marhamu. Mkono wa kushoto ulitoa baka moja, karibu na kidole gumba, likatambaa mpaka kifundoni. Nilikwenda kwa dresa nikafokewa kwa ajili yangu mwenyewe.

Kichwa chake nilikitazama kila asubuhi juani, ngozi kwa ngozi, nyuma ya masikio, kisogoni. Hakikutoka kitu. Nywele zikaota kila mahali, hata pale pa baka la mwisho, nyingi, ngumu, za kushinda kitana. Mvua zilipoanza nilimkalisha katikati ya magoti nikamsuka kwa mara ya kwanza. Alipiga kelele namvuta. Nikamwambia atulie, sijamaliza.